Njia ya Mwalimu Mtoro

Mwaka 1903 kampuni ya Vandenhoeck & Ruprecht ya mjini Göttingen, Ujerumani, ilichapa kitabu cha Kiswahili kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Jina lililotangulizwa ni la Carl Velten, Mjerumani aliyekuwa akifundisha Kiswahili mjini Berlin. Lakini sehemu kubwa ya yaliyomo ni kazi ya mtu wa Mrima, Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo. Mle ndani mna habari za mimba na mkunga, jando na unyago, mahari na harusi, ngoma, pepo na waganga wake, kukopa na kudaiwa, watumwa na mabwana zao, hadi kuosha maiti na kukaa matanga.

Hiyo ni ethnografia, kwa kipimo chochote utakachotumia: maelezo ya kina ya maisha ya watu, yakiandikwa na aliyeyaona kwa macho yake. Ilitoka miaka 19 kabla ya kitabu cha Bronisław Malinowski juu ya visiwa vya Trobriand, kile ambacho wanafunzi wa anthropolojia duniani kote huambiwa ndicho kilichofungua ukurasa wa utafiti wa kisasa wa uwandani. Nami nilifundishwa hivyo. Mwaka wa kwanza chuoni nilisomeshwa Malinowski, nikasomeshwa Franz Boas, nikasomeshwa Evans-Pritchard na Wanuer wake wa Sudani Kusini ya leo. Mtoro hakutajwa. Nilikutana naye baadaye, peke yangu, katika maktaba, na tangu hapo nimekuwa nikiifuata njia aliyopita, kwa miguu pale inapowezekana na kwa vitabu pale isipowezekana. Kila kituo nilichofika nimekuta historia ya somo lenyewe imepita hapo hapo.

Kituo cha kwanza ni Bagamoyo. Mtoro alikulia katika mji ambao misafara ya bara ilikuwa ikiishia, mji wa pembe za ndovu na wa watumwa, ambamo Wazaramo, Wakwere, Wadoe, Wanyamwezi, Wahindi na Waarabu walikuwa wakipishana sokoni kila siku. Wajerumani waliufanya makao yao makuu kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891. Alisoma chuoni, akawa mwalimu wa Kurani. Alikuwa pia msafiri: katika kitabu kingine alichokusanya Velten, Safari za Wasuaheli cha mwaka 1901, imo habari ya safari yake ya Udoe na Uzigua. Huko kwa jirani zake Mtoro anatazama, anauliza, anashangaa, anaandika. Kila mwanafunzi wa anthropolojia anayepelekwa kijijini na daftari hutakiwa kufanya hayo hayo manne.

Naipenda sana kazi yake, na kwa sababu naipenda nitasema mapungufu yake pia. Sura za utumwa zimeandikwa na mwungwana. Anatueleza mtumwa alimwamkia vipi bwana wake, alivaa nini, aliruhusiwa nini, kwa utulivu wa mtu aliyeona mambo hayo kuwa ya kawaida. Laiti mtumwa wa mji uleule angeshika kalamu, tungesoma Bagamoyo nyingine. Wako wanaodhani kwamba mwenyeji akijichunguza mwenyewe basi ukweli umepatikana. La. Mwenyeji naye ana mahali aliposimama: ana jinsia, ana umri, ana ukoo, ana deni au ana mali. Mtafiti mzuri, awe wa nje au wa ndani, humwambia msomaji mapema yeye ni nani katika mji anaousimulia.

Velten aliwaomba wenyeji waandike au wasimulie kwa lugha yao, kisha akayakusanya maandishi, akayapanga na kuyachapa. Miaka hiyohiyo Boas alikuwa akifanya vivyo hivyo katika pwani ya magharibi ya Kanada, akimtegemea George Hunt, mtu aliyelelewa miongoni mwa Wakwakiutl. Mkusanyo wao wa mwaka 1905 unabeba majina yote mawili, Boas na Hunt. Mtoro alisubiri zaidi. Jina lake liliingia kwenye kichwa cha kitabu mwaka 1981, ilipotoka tafsiri ya Kiingereza iliyoandaliwa na J.W.T. Allen.

Kutoka Bagamoyo njia inakwenda Berlin. Mtoro alifika huko mwaka 1900, akaajiriwa katika Seminar für Orientalische Sprachen, chuo kilichofunguliwa mwaka 1887 na kuwafundisha lugha maafisa, wamisionari na wafanyabiashara waliokuwa wakijiandaa kwenda makoloni. Kazi yake ilikuwa kuwazoeza wanafunzi matamshi na mazungumzo. Hapo utaona isimu, tawi la anthropolojia linalochunguza lugha za watu, ikitumwa kazi ya utawala: anayejifunza Kiswahili leo, kesho ni hakimu wa wilaya huko Lindi au Tabora.

Mwendo wa miguu usiozidi saa moja kutoka chuoni hapo lilikuwepo jumba la makumbusho ya watu wa dunia, Museum für Völkerkunde, lililofunguliwa mwaka 1886 kwenye barabara ambayo sasa inaitwa Stresemannstraße. Jengo lenyewe halipo tena. Liliharibiwa na vita vya pili vya dunia, likabomolewa. Humo alifanya kazi Felix von Luschan, daktari aliyegeukia anthropolojia ya maumbile, tawi linaloshughulika na mwili wa binadamu. Aliwaandikia maafisa na madaktari wa makoloni mwongozo wa namna ya kukusanya vitu, na mafuvu ya vichwa vya watu yakasafirishwa Berlin masanduku kwa masanduku. Yaliyotoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani na maeneo ya jirani ni zaidi ya 1,100, mengi ya Rwanda, mengine ya Tanzania, machache ya Kenya. Tarehe 2 Machi 1900, mwaka uleule Mtoro alipofika Berlin, Mangi Meli, mtawala wa Wachagga, alinyongwa na Wajerumani huko Old Moshi pamoja na viongozi wenzake. Inaaminika kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta kwa miongo mingi.

Kwa hiyo katika mji mmoja, miaka ileile, mwalimu wa Bagamoyo alikuwa akisahihisha matamshi ya wanafunzi Wajerumani, na katika jengo lingine mifupa ya watu wa nchi yake ilikuwa ikipimwa kwa vyuma. Mtu asiyelijua hili hajaambiwa nusu ya habari ya matawi ya anthropolojia, hata kama amekariri fasili zake zote.

Upimaji huo ulijengwa juu ya dhana kwamba mbari za watu zimeandikwa kwenye umbo la fuvu. Mmoja wa waliokuja kuibomoa dhana hiyo alikuwa amepitia jumba hilohilo la makumbusho: Boas, aliyefanya kazi chini ya mkurugenzi wake, Adolf Bastian, mnamo 1885 na 1886 kabla ya kuhamia Marekani. Akiwa New York aliongoza upimaji wa karibu watu 18,000, wahamiaji kutoka Ulaya na watoto wao, na mwanzoni mwa miaka ya 1910 akaonyesha kwamba vichwa vya watoto waliozaliwa Marekani vilitofautiana kwa umbo na vya wazazi wao. Ikiwa umbo la kichwa hubadilika ndani ya kizazi kimoja kwa kubadilisha makazi, basi halifai kuwa mhuri wa mbari. Ni Boas huyo, akiwa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyewalea wanafunzi katika ule mgawanyo ambao vyuo vya Marekani vinaufuata hadi sasa: maumbile, akiolojia, isimu na utamaduni, vyote vinne chini ya paa moja, kwa kuwa binadamu ana mwili, ana masalia, ana lugha na ana desturi, na huwezi kumwelewa kwa kimoja tu. Uingereza ilichukua njia nyembamba zaidi, anthropolojia ya jamii: ukoo, ndoa, ardhi, mamlaka, ibada.

Mtoro hakufaidi chochote cha mabadiliko hayo. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata alitaka kurudi naye nyumbani, serikali ya koloni ikakataa mwanamke wa Kijerumani kuishi huko na mume Mwafrika. Wakarejea Ujerumani. Alifundisha kwa muda Hamburg, akazunguka kutoa mihadhara juu ya nchi yake, na mwaka 1927 akafariki Berlin. Maisha yake yamesimuliwa na Ludger Wimmelbücker katika kitabu kilichochapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota mwaka 2009, na anayetaka kumjua Mtoro vizuri aanzie hapo.

Miaka 8 baada ya kifo chake, Mwafrika mwingine wa upande wetu aliingia darasani London. Johnstone Kenyatta alikuwa amefika Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 1929 kupeleka malalamiko ya Wagikuyu juu ya ardhi yao. Aliporudi mara ya pili alikaa miaka 15. Riziki yake kwa muda ilitokana na lugha, kama ilivyokuwa kwa Mtoro: alifanya kazi University College akiwa msemaji wa Kigikuyu, na Lilias Armstrong, mtaalamu wa fonetiki, aliandika kitabu kizima juu ya sauti na toni za Kigikuyu kwa kumsikiliza yeye. Mwaka 1935 akajiunga na London School of Economics, Houghton Street, kusoma anthropolojia ya jamii kwa Malinowski.

Semina ya Malinowski ilikuwa mahali pa kwenda. Yeye mwenyewe alikuwa Mpolandi aliyekaa Trobriand kati ya 1915 na 1918, akapiga hema katikati ya kijiji, akajifunza lugha, akaandika kila siku aliyoyaona. Akawafundisha wanafunzi wake kwamba anachosema mtu kuwa ndiyo desturi na anachokifanya mtu ni mambo mawili, na mtafiti lazima akae muda mrefu kiasi cha kuyaona yote mawili. Kuuliza maswali ya hojaji asubuhi na kuondoka jioni hakutoshi. Hilo ni fundisho kubwa na sitalipunguza. Lakini shajara yake ya binafsi ilipochapishwa mwaka 1967, miaka 25 baada ya kifo chake, wengi walishtuka kukuta maneno ya dharau na chuki kuhusu watu walewale aliowafanya kuwa maarufu. Kuishi na watu na kuwaheshimu havifuatani vyenyewe.

Katika semina hiyo Kenyatta aliandika insha zake, moja baada ya nyingine, na mwaka 1938 zikatoka zikiwa kitabu, Facing Mount Kenya, chenye utangulizi wa Malinowski. Jina la mwandishi sasa lilikuwa Jomo. Katika picha iliyomo kitabuni amevaa vazi la ngozi, ana ndevu, kidole kimegusa ncha ya mkuki. Ukipitia sura zake utaona mpangilio wa shule ya Malinowski: ukoo, umiliki wa ardhi, uchumi, uhunzi, elimu, irua (tohara), ndoa, utawala, dini, uganga. Lakini sura ya ardhi ni hati ya mashtaka. Kwa kueleza kwa utaratibu jinsi kila kipande cha githaka, ardhi ya ukoo, kilivyokuwa na mwenyewe, mpaka wake na mashahidi wake, Kenyatta alikuwa akimjibu kila mlowezi aliyedai kwamba aliikuta ardhi haina mtu. Nasaba, ambazo mwanaanthropolojia Mwingereza W.H.R. Rivers alizifanya chombo cha utafiti tangu mwaka 1898, mikononi mwa Kenyatta zimekuwa ushahidi wa hati miliki.

Nimekisoma kitabu hicho kwa furaha, na bado nakidai. Ugikuyu wake wa zamani hauna ugomvi, hauna maskini anayelalamika, na wanawake wamesimuliwa na mwanamume. Alipotetea tohara ya wasichana, hakuna msichana aliyeulizwa. Ni kosa lilelile la mwungwana wa Bagamoyo.

Mpinzani wake mkubwa katika elimu ya Wagikuyu alikuwa Louis Leakey, mtoto wa wamisionari, aliyezaliwa Kabete mwaka 1903 na kuingizwa katika rika pamoja na vijana wa Kigikuyu. Wawili hao waligombana waziwazi. Leakey naye aliandika juu ya Wagikuyu, mijalada mitatu mizito iliyokamilika kabla ya vita vya pili na kuchapishwa mwaka 1977, naye akiwa amekwisha kufa. Walikutana tena Kapenguria. Kesi ya Kenyatta, aliyeshtakiwa kuongoza Mau Mau, ilipoanza Desemba 1952, mkalimani wa mahakama alikuwa Leakey. Mawakili wa utetezi wakampinga, akaacha kazi hiyo kabla kesi haijaisha. Mashindano yao, juu ya nani ana haki ya kuwasemea Wagikuyu, yaliishia kizimbani, na mmoja wa wasomi hao akahukumiwa kifungo cha miaka 7.

Leakey dunia inamjua zaidi kwa Olduvai, ambako mkewe Mary aliliona fuvu la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959, la umri wa miaka kama milioni 1.75. Fuvu hilo lipo Tanzania tangu 1965. Sitakaa sana hapo, maana habari za Olduvai hazina uhaba. Nitamtaja tu Kamoya Kimeu, Mkamba aliyeanza na akina Leakey akiwa mchimbaji wa kawaida na mwaka 1984 akaliona jiwe dogo Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, lililokuwa kipande cha fuvu. Likafuatiwa na karibu kiunzi kizima cha kijana aliyeishi miaka milioni moja na nusu iliyopita. Anthropolojia ya maumbile katika nchi zetu imesimama juu ya macho ya watu kama Kamoya, ambao majina yao huonekana mwishoni mwa makala, kwenye shukrani.

Baada ya vita, Waingereza walianzisha taasisi ya utafiti wa jamii Makerere, na mwaka 1950 Audrey Richards, mwanafunzi wa Malinowski, akawa mkurugenzi wake. Ilitoa kazi nyingi nzuri. Lakini Okot p'Bitek, mshairi wa Gulu, Uganda, alipokwenda Oxford kusoma anthropolojia mwaka 1960, mhadhara wa kwanza kabisa ulimpokea kwa mwalimu anayewaita Waafrika washenzi. Alipinga, hakusikilizwa. Jibu lake kamili ni kitabu chake juu ya namna wasomi wa Magharibi walivyozielewa vibaya dini za Kiafrika.

Aliyekwenda mbali zaidi ni Archie Mafeje wa Afrika Kusini, aliyefundishwa na Monica Wilson Cape Town, kisha na Richards Cambridge. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Cape Town kilimteua kuwa mhadhiri, serikali ya makaburu ikakishinikiza, chuo kikaufuta uteuzi, wanafunzi wakakalia jengo la utawala kwa siku 9. Mwaka uliofuata Mafeje akaja Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuongoza sosholojia. Mwaka 1971 alichapisha makala ambayo naona kila mwanafunzi wetu angepewa wiki ya kwanza. Hoja yake: watafiti wa kikoloni walikuja wakiwa wameshaamua kwamba Mwafrika ni mtu wa kabila, basi kila walichokiona, kazi ya migodini, mgomo, uchaguzi, wakakieleza kwa ukabila, na tabaka na maslahi hawakuyaona. Kwa Mafeje, anthropolojia ilikuwa binti wa ukoloni na hairekebishiki. Hapo simfuati. Naona chombo ni kizuri kuliko waliokitengeneza, na sababu yangu ni jambo lililotokea katika wilaya ya Mtoro mwenyewe.

Mwaka 1975 Wizara ya utamaduni ya Tanzania na Academy of Finland zilianza mradi wa utafiti ulioitwa Jipemoyo katika Wilaya ya Bagamoyo. Kiongozi wake mmoja alikuwa Marja-Liisa Swantz, Mfini ambaye katika miaka ya 1960 aliishi na Wazaramo wa Bunju akichunguza ibada na unyago wao. Watafiti wa Jipemoyo walikaa na wafugaji na wakulima, wakaanza na matatizo ambayo wanakijiji wenyewe waliyataja, wakayajadili matokeo mbele yao. Mbinu hiyo, utafiti shirikishi, imesambaa duniani, na Tanzania ni mojawapo ya mahali ilipozaliwa.

Mwelekeo huohuo sasa umelifikia tawi la maumbile, lile lililokuwa na aibu kubwa zaidi. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapa utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani katika miji ya pwani na karibu nayo, na mmoja wa viongozi wake alikuwa mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba wa Kenya. Ulionyesha kwamba kuanzia kama mwaka 1000 wanaume kutoka Uajemi na wanawake wa Kiafrika walizaa pamoja watu wa miji hiyo, jambo ambalo wazee wa pwani walikuwa wakilisimulia na wasomi wengi wakilikana. Mwaka huohuo, mwezi Septemba, Berlin ilitangaza kwamba vinasaba vya mafuvu matatu ya Kilimanjaro vimeoana na vya jamaa walio hai Tanzania. Moja ni la Akida, mshauri wa Mangi Meli. La Meli mwenyewe halikuwa miongoni mwao.

Kwa mwanafunzi anayeanza somo hili, Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Bujumbura, nina maneno machache. Jifunze nasaba, mahojiano, hojaji, na zaidi ya vyote jifunze kukaa. Soma Malinowski, lakini Desturi ya Mtoro iwe mezani kabla yake. Na utakapopata kibali cha utafiti na kwenda kijijini, utauliza kwa Kiswahili, utajibiwa kwa Kiswahili, kisha tasnifu utaiandika kwa Kiingereza na itawekwa mahali ambapo aliyekujibu hatafika. Mtoro aliandika kwa lugha ambayo jirani zake wangeweza kuisoma, akiwa Berlin, chini ya himaya ya Kaisari. Vyuo vyetu havina udhuru. Kila idara ya anthropolojia iweke sharti kwamba hakuna tasnifu itakayopokelewa bila muhtasari kamili wa Kiswahili, nakala yake ikabidhiwe ofisi ya kijiji husika, na mtafiti arudi kuusoma mbele ya watu waliompa habari zao.